Nani Anakula Wakati Ziwa Limepumzika?



Wapendwa vijana, somo la leo ni juu ya maji: ziwa na bahari ni mali ya nani, na nani ana haki ya kuviwekea sheria. Najua kuna atakayesema, "Hayo si mambo ya wizara?" Ni ya wizara, ndiyo. Lakini ni sehemu ya Mafundisho Jamii ya Kanisa pia, na kwetu sisi wa Katonga ni mambo ya sufuria. Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako kitabu cha Kutoka, sura ya 23, mstari wa 10 na wa 11, uweke alama. Weka nyingine Mambo ya Walawi sura ya 25. Tutafika huko.

Kwa wasiopajua, Katonga iko kando ya mji wa Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Hapa mwalo ndio ofisi, ndio soko, ndio benki. Usiku wa giza mitumbwi inatoka na taa, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu zinainuliwa. Alfajiri akina mama wanasubiri na mabeseni. Wananunua, wanaanika, na dagaa wakishakauka wanaanza safari yao: wengine kwa treni mpaka Dar es Salaam, wengine kwa boti kwenda ng'ambo. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika siku kadhaa, kwa sababu taa haiwezi kushindana na mwezi.

Mvuvi wa kawaida hana mshahara. Anaishi kwa mgawo: yakitolewa ya mafuta na ya mwenye chombo, kinachobaki wanagawana. Usiku usio na samaki ni usiku usio na hela. Shikeni hilo la mgawo, tutalihitaji mbele.

Tarehe 15 Mei 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wetu kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti. Haikuwa fikra ya Dodoma peke yake. Ziwa hili lina nchi nne: Kongo ina takriban asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Nchi hizo zilikuwa zimekubaliana mwezi Desemba 2021 juu ya hatua za pamoja za kulinda samaki, na kulipumzisha ziwa ni mojawapo. Samaki walikuwa wanapungua, na makokoro na nyavu za matundu madogo zilikuwa zinazoa watoto wa samaki kabla hawajazaa.

Sasa, maneno ya mwaloni kipindi kile mnayajua. Mawili niliyasikia mara nyingi kuliko mengine. La kwanza: "Ziwa ni la Mungu, nani kampa mtu ufunguo wa kulifunga?" La pili: "Tukiacha sisi, wa ng'ambo watavua." Wengine huyacheka maneno haya kama maneno ya watu wasioelewa. Mimi naona ni maswali mazito, na Kanisa lina la kusema juu ya yote mawili.

Tuanze na la kwanza. Kusema ziwa ni la Mungu ni imani yetu kabisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ukisoma kuanzia namba 2402, inafundisha kwamba vitu vilivyoumbwa vimekusudiwa watu wote. Mtu anaweza kumiliki shamba, chombo au duka, na haki hiyo ni ya kweli, lakini haifuti kusudio lile la mwanzo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema hivyo hivyo katika Gaudium et Spes, namba 69. Kwa hiyo mvuvi anayesema "ziwa ni la Mungu" yuko karibu na Katekisimu kuliko anavyojua.

Kinachopungua ni nusu ya pili. Kitu cha Mungu alichokikabidhi kwa wote hakiwi kitu kisicho na mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kama ziwa ni la wote, basi wote tuna daftari la kuandika: nani amechukua, kiasi gani, kimebaki nini, kesho atakula nani. Ukiondoa daftari, "la wote" linageuka kuwa la mwenye injini kubwa na wavu mrefu. Ni maskini ndiye anayepoteza kwanza pale pasipo na sheria, hata kama sheria ndiyo inayomuudhi.

Hili si wazo la Kigoma tu. Bahari zote za dunia zimepita njia hiyo hiyo, na historia yake vijana wengi hatufundishwi.

Kwa karne nyingi kanuni ilikuwa kwamba nchi inamiliki ukanda mwembamba wa bahari karibu na pwani yake, mara nyingi maili 3 za baharini, na kwingine kote ni huru. Uhuru huo ulisikika mzuri. Ila nani alikuwa na meli za kuufaidi? Mvuvi wa Bagamoyo mwenye ngalawa na kampuni yenye meli za kiwanda walikuwa "huru" kwa usawa, kwenye karatasi.

Tarehe 1 Novemba 1967 balozi wa nchi ndogo ya Malta, Arvid Pardo, alisimama katika Umoja wa Mataifa akaeleza kwamba sakafu ya bahari iliyo mbali na mipaka ya nchi zote isiachwe igombaniwe na wenye teknolojia. Alitaka ihesabiwe kuwa urithi wa pamoja wa binadamu wote, isimamiwe kwa ajili ya wote, na nchi maskini zifikiriwe kwanza. Mwaka huo huo, mwezi Machi, Papa Paulo VI alikuwa ametoa waraka wa Populorum Progressio, akikumbusha kwamba haki ya mali na biashara huria viko chini ya kusudio la vitu vya dunia kwa watu wote. Sisemi mmoja alinakili kwa mwenzake. Nasema kilio kilikuwa kimoja.

Na hapa Waafrika Mashariki tujipongeze kidogo. Mkenya Frank Njenga, mwanasheria, ndiye aliyeleta mezani mwaka 1971 na 1972 wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari, ambalo baadaye lilikubaliwa na dunia: nchi ya pwani iwe na haki juu ya samaki na rasilimali nyingine hadi maili 200 za baharini, yaani kama kilomita 370. Na Jaji Joseph Sinde Warioba, ambaye wengi wenu mnamjua kwa ile Tume ya Katiba, aliwahi kuwa mwenyekiti wa tume iliyoandaa vyombo vya kusimamia sakafu ya bahari kuu, kisha akawa mmoja wa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg, kuanzia 1996 hadi 1999. Mtanzania. Hii ingefaa kuwa kwenye vitabu vya shule.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulisainiwa Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982. Tanzania iliuridhia mwaka 1985, na ulianza kutumika tarehe 16 Novemba 1994. Ndani yake lile neno la Pardo limo: madini ya sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi ni urithi wa pamoja wa binadamu, na kuna mamlaka yake huko Kingston. Kuna jambo jingine ninalolipenda mimi binafsi kwa sababu linagusa majirani zetu. Mkataba unazipa haki nchi zisizo na pwani. Burundi na Zambia hazina hata kipande cha ufukwe wa bahari, lakini zina haki ya kuifikia bahari na kupitisha mizigo yao kwa majirani. Ukiona bandarini Kigoma mzigo uliotoka Dar es Salaam unapakiwa kwenda Bujumbura, ujue hapo kuna biashara, na nyuma ya biashara kuna haki inayotambuliwa na sheria ya dunia.

Viumbe hai wa bahari kuu walichelewa kupata ulinzi. Makubaliano ya kuwalinda yalipitishwa tarehe 19 Juni 2023 na yakaanza kutumika 17 Januari 2026. Hesabu wenyewe: kutoka hotuba ya Pardo ni zaidi ya miaka 58. Marehemu Papa Fransisko aliligusa hili katika Laudato Si', namba 174, akilalamika kwamba usimamizi wa bahari umegawanyika na hauna meno ya kutosha.

Turudi ziwani, kwenye neno la pili la mwaloni: tukiacha sisi, wa ng'ambo watavua.

Hofu hiyo ni ya haki. Siku ikiwa angavu, ukisimama Katonga unaiona milima ya Kongo kwa macho yako. Dagaa waliopo upande wetu leo, kesho wako kwao, hawana pasipoti. Nchi moja ikifunga na nyingine ikaendelea, aliyefunga ameshinda njaa ili mwenzake apate mavuno. Ndiyo maana sheria ya maji ya pamoja haiwezi kuwa ya nchi moja. Mkataba wa Ziwa Tanganyika ulisainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na nchi zote nne, na ukazaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Kati ya misingi yake kuna tahadhari (usisubiri uthibitisho wote ndipo uchukue hatua), anayechafua alipe, wananchi washirikishwe, na faida zigawanywe kwa haki. Soma tena huo wa mwisho. Haki imo ndani ya mkataba wenyewe, haikuongezwa na padre mahubirini.

Mnakumbuka Luka sura ya 5? Wale wanafunzi walipopata samaki wengi hadi nyavu zikaanza kukatika, waliwaita wenzao wa chombo cha pili waje kusaidia, na vyombo vyote viwili vikajaa. Tunapohubiri aya hii tunakimbilia muujiza na wito wa Petro. Mimi hukaa kidogo kwenye chombo cha pili. Petro na wenzake walikuwa na washirika, na bila washirika wale mzigo ule ungezamisha chombo.

Halafu kuna jambo ambalo si haki kulinyamazia. Kupungua kwa samaki wa Tanganyika hakukuletwa na wavuvi peke yao. Maji ya chini kabisa ya ziwa, ambalo lina kina cha hadi mita 1,470, hayana hewa lakini yamejaa virutubisho. Upepo wa kusini wa wakati wa kiangazi ndio unaoyakoroga, virutubisho vinapanda, mimea midogo inakua, dagaa wanakula. Ziwa likipata joto, maji ya juu yanakuwa mepesi na hayachanganyiki vizuri na ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa chakula hicho cha mwanzo ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20. Joto hilo halikutoka kwenye majiko ya mkaa ya Katonga. Limetoka kwa sehemu kubwa kwenye viwanda, magari na mitambo ya umeme ya nchi ambazo watu wake hawajawahi kuonja dagaa wa Kigoma.

Na tazama tarehe. Ziwa lilifungwa 15 Mei 2024. Siku sita baadaye, 21 Mei, Mahakama ile ile ya Hamburg alikowahi kukaa Jaji Warioba ilitoa maoni ya kisheria, kwa ombi la umoja wa nchi ndogo za visiwa, kwamba gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu ni uchafuzi wa bahari kwa maana ya Mkataba, na nchi zina wajibu wa kuzidhibiti. Maoni yale ni ya bahari, si ya maziwa. Lakini hewa ni moja. Hata maji yenyewe yanaungana: Tanganyika inatokea mto Lukuga pale Kalemie, maji yanaingia Lualaba, yanakuwa mto Kongo, yanamwagika Atlantiki. Tunaishi kwenye chanzo kimojawapo cha bahari, ingawa tuko mbali nayo zaidi ya kilomita elfu.

Kwa hiyo mvuvi wa mgawo alipoweka wavu chini mwezi Mei, alikuwa analipia deni ambalo sehemu yake kubwa hakulikopa yeye.

Sasa fungua Kutoka 23. Mungu anawaagiza Waisraeli wapande na kuvuna miaka sita, mwaka wa saba waiache ardhi ipumzike. Swali: kwa nini? Nilitegemea aya iseme ni kwa ajili ya rutuba ya udongo. Haisemi hivyo. Inasema ni ili maskini wa watu wako wapate kula, na watakachosaza wale wanyama wa porini. Soma mara mbili. Pumziko la ardhi na chakula cha maskini ni amri moja. Huwezi kuchukua nusu.

Nenda Walawi 25. Pale Mungu anataja wanaotakiwa kula katika mwaka wa pumziko: mwenye shamba, watumishi wake, kibarua wake, na mgeni anayekaa kwake. Kibarua! Kwetu huyo ndiye mvuvi wa mgawo na mama wa kuanika. Mgeni nasi tunaye, mkoa wetu umepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo kwa miaka mingi. Na shuka hadi mstari wa 20, utakuta swali lile lile la mwaloni limeandikwa ndani ya Biblia: mtasema, mwaka wa saba tutakula nini? Mungu hakuwakemea waliouliza. Aliwajibu, kwa kuahidi kwamba mwaka wa sita utazaa cha kutosha. Maana yake pumziko linaandaliwa kabla, katika miezi ya neema.

Msimamo wangu mnaweza kuupinga kwenye kikundi, lakini ni huu. Nakubaliana na kulipumzisha ziwa. Nakubaliana pia kwamba makokoro yachomwe hata kama ni ya mjomba wako. Lakini kufunga maji ni nusu ya amri. Nusu ya pili ni kujua kwa majina nani hatakula, na kuhakikisha anakula. Serikali na mamlaka za nchi nne zina sehemu yao, ikiwemo kuzidai nchi zilizopasha hewa joto. Na sisi tunayo yetu. Mwenye chombo Mkatoliki anayetoa zaka kanisani ajiulize kama katika miezi mizuri ameweka kando fungu la watu wake wa mgawo. Akina mama wa kuanika hawana chombo wala leseni ya uvuvi, kwa hiyo orodha ya wavuvi ikisomwa ni rahisi majina yao yasiwemo. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinawajua, maana tunasali nao kila wiki.

Kuna kitu kidogo ambacho vijana tunaweza kuanza nacho. Sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, tarehe 29 Juni, inaangukia katikati ya ile miezi ya Mei hadi Agosti. Petro mvuvi anaadhimishwa wakati nyavu zimetundikwa. Badala ya mchango wa fulana na spika za sherehe, mchango wa vijana siku hiyo unaweza kwenda kwenye mfuko wa unga na maharage kwa kaya za mgawo, mfuko ulioanza kujazwa tangu Januari. Kiasi si hoja, hata mia tano kwa wiki. Hoja ni daftari: nani ametoa, nani amepewa, na nani amesahaulika.

Kwa majadiliano ya kikundi wiki hii, someni Kutoka 23:10-11 na Walawi 25:1-7, kisha 25:18-22, halafu jibuni haya. Katika jumuiya yako, ni kaya zipi zinaishi kwa mgawo, na ziwa likifungwa zinakula kwa nani? Nani katika familia yako anatumia wavu uliokatazwa, na utamwambiaje bila kumvunjia heshima? Na kama ungepewa dakika tano mbele ya wawakilishi wa nchi nne kule Bujumbura, ungewaomba nini kwa ajili ya mama wa kuanika? Jibu la swali hili la tatu liandikeni kwenye karatasi, msiliache mdomoni. Nitayakusanya Jumapili baada ya misa ya pili.